Tafadhali na Afadhali: Uhakiki wa Barua za Kuomba Ufadhili wa Masomo ya Ng'ambo

Wasomaji wa kijarida hiki wamezoea kutuona tukihakiki riwaya, diwani na tamthilia. Safari hii tunakusudia kuhakiki maandishi ambayo wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho huyatolea jasho kuliko insha zote tunazowapa, ingawa hayamo katika muhtasari wa somo lolote: barua ya kuomba ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo, pamoja na yale maelezo binafsi yanayoambatana nayo. Kuanzia Agosti hadi Novemba, mlango wa ofisi yetu haupumziki. Huyu ana karatasi mbili anataka zisomwe kabla ya saa kumi, yule anataka sahihi, mwingine anauliza tu kama ni kweli Ujerumani watu husoma bure. Ikifika Machi, wengi wao tunakutana nao mjini wakitafuta vipindi vya kufundisha katika shule za watu binafsi, na hatuulizani habari za barua.

Kwa kuwa tumezisoma rasimu hizo kwa miaka mingi, tunadhani tumefikia mahali pa kusema jambo. Walimu wenzetu wengi huamini kwamba kinachowaangusha wanafunzi ni Kiingereza chao. Hatukubaliani nao. Kiingereza kibovu hurekebishwa na rafiki kwa jioni moja. Kinachowaangusha ni sauti ya barua yenyewe, nayo ni sauti ya mtu aliyepiga magoti. Sauti hiyo hawakuizaliwa nayo. Waliifundishwa darasani, na waliowafundisha ni sisi.

Tuanze na neno. Ufadhili linatokana na kitenzi fadhili, yaani kumtendea mtu wema asioudai, na mzizi wake umetoka katika Kiarabu. Mzizi huohuo umetuletea fadhila, tafadhali na afadhali. Mwanafunzi anapoona tangazo lililoandikwa "nafasi za ufadhili", anachokisikia ni fadhila: kuna mkubwa mahali fulani mwenye mali na moyo mwema, naye anayeomba hana budi kumlainisha. Watanzania hupenda pia kusema udhamini wa masomo, neno ambalo limebeba dhamana, yaani kuna anayesimama kwa ajili yako na kuna jambo utakaloulizwa baadaye. Wenzetu wa Burundi na Kongo huita burse, kutoka katika Kifaransa, ambako maana ya asili ni mfuko wa fedha. Kenya kuna basari. Kila neno lina tabia yake, na lile tulilolipendelea sisi ndilo linalokaa karibu zaidi na sadaka.

Lakini jopo linalokaa kusoma maombi 300 kwa ajili ya nafasi 5 haligawi sadaka. Kazi yake ni kulinganisha. Linauliza: kati ya huyu na yule, ni nani afadhali? Ni swali la afadhali, na mwanafunzi wetu amelijibu kwa tafadhali.

Tutazame jinsi tunavyofundisha barua rasmi. Anwani mbili, tarehe, mtajo, kisha neno YAH likifuatwa na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Baada ya hapo tunamfundisha mtoto kuandika kwamba anaomba "kwa heshima na taadhima", kwamba "atashukuru sana ombi lake likipokewa", kwamba "anatanguliza shukrani", na mwisho kabisa, juu ya sahihi, "Wako mtiifu". Wanafunzi hupoteza alama wakisahau mtiifu huyo. Ni nani aliyetuletea mtiifu? Ni tafsiri ya maneno ambayo karani wa enzi ya mkoloni alilazimika kumwandikia bwana shauri. Serikali zilizokuwa zikiandikiwa hivyo zimekwisha kuondoka, bendera zao zimeteremshwa, na sisi bado tunatoa alama 2 kwa utiifu. Muundo una faida zake, hatuukatai. Tunachokataa ni kwamba kwa miaka minne ya sekondari na mitatu ya chuo, barua pekee ambayo mwanafunzi amewahi kusahihishiwa ni barua ya mtu mdogo kwa mtu mkubwa. Hajawahi kuandika barua ya mtu mwenye kazi anayemwandikia mtu mwenye haja na kazi hiyo.

Matokeo yake yanafahamika. Hatutanukuu barua ya mwanafunzi yeyote, maana zililetwa kwetu kwa siri; tumetunga wenyewe mfano unaofanana na nyingi:

"Mimi ni mtoto wa 6 katika familia maskini ya watoto 9. Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kusoma katika nchi yenu nzuri iliyoendelea. Ninapenda sana lugha. Mkinipa nafasi hii nitafanya bidii usiku na mchana, na sitawaangusha. Mungu awabariki."

Hakuna uongo hapo, na pengine hakuna hata kosa la sarufi. Lakini soma tena ukitafuta kitenzi kinachoonyesha jambo ambalo mtu huyu amelifanya. Hakipo. Amezaliwa, amekuwa na ndoto, anapenda, atafanya. Wakati uliopita umejaa hali, wakati ujao umejaa ahadi, na kati yake hamna mtu. Katika riwaya tungesema mhusika huyu ni bapa. Jopo haliwezi kumwona, seuze kumchagua. Isitoshe, ile sifa ya "nchi yenu nzuri" haimsaidii. Waliomo katika jopo wanaijua nchi yao, na baadhi yao hawaioni nzuri kiasi hicho.

Sasa tutunge mfano mwingine wa mwanafunzi huyohuyo, mtoto wa 6 kati ya 9, ambaye tunamfikiria alifanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya wasemaji wa Kiluganda:

"Katika muhula wangu wa mazoezi nilifundisha Kiswahili wanafunzi 43 wa kidato cha kwanza. Wengi wao waliandika 'habali' badala ya habari, na 'erimu' badala ya elimu. Mwanzoni nilidhani ni uzembe. Nilipokusanya makosa yao kwenye daftari niliona yana utaratibu: katika Kiluganda r huja baada ya i na e, na kwingineko huja l. Hawakuwa wakikosea, walikuwa wakifuata sheria ya lugha yao. Nilibadilisha namna ya kufundisha matamshi. Ninataka kusoma isimu tumizi ili niandae mazoezi ya matamshi kwa walimu wanaofundisha Kiswahili mahali ambapo si lugha ya nyumbani."

Barua hii haina hata "tafadhali" moja. Haijajisifu popote pia. Imeonyesha mtu anayetazama, anayekubali kwamba alidhani vibaya, anayeandika katika daftari na kubadilisha mwenendo. Swali lake limetoka darasani na linaelekea kwenye kozi anayoiomba. Anayesoma anaweza kumuuliza jambo katika usaili, na kumpa mtu swali la kukuuliza ni nusu ya kazi ya maombi. Daftari la makosa ambalo wanafunzi wetu wengi wanalo, na ambalo hulitupa mazoezi yakiisha, lina thamani kuliko aya zote za umaskini na ndoto.

Tulipolieleza jambo hili katika mkutano wa walimu, mwenzetu mmoja alitupinga, na pingamizi lake lina uzito. Alisema tunataka kuwafundisha vijana majivuno, na kwamba unyenyekevu ni adabu yetu, mtu hajisifu mbele za watu. Tunakubali kwamba majivuno yapo, na kwamba fomu nyingine huyachochea. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, kwa miaka mingi umewataka waombaji waandike insha kuhusu uongozi wao. Swali hilo limezaa viongozi ambao hatukuwajua. Ghafla kila mwanafunzi ameanzisha shirika, ameokoa kijiji, amewahamasisha vijana kwa mamia. Hilo ni kosa la fomu kama lilivyo kosa la mwombaji: ukimuuliza kijana wa miaka 24 akuonyeshe ukubwa, atakuonyesha ukubwa hata kama hana. Hata hivyo unyenyekevu na kujidhalilisha ni vitu viwili. Fundi seremala akiulizwa anaweza kutengeneza mlango hatasema yeye ni mtoto wa maskini. Atasema ametengeneza milango ya nyumba ile na ile, nenda ukaitazame. Hakuna anayemwita mwenye majivuno.

Hapa tunamkumbuka Okot p'Bitek, ambaye wengi wa wasomaji wetu wanamjua kwa Wimbo wa Lawino. Alifika Uingereza mwaka 1956 akiwa mchezaji wa timu ya taifa ya kandanda ya Uganda, timu iliyocheza pekupeku, kisha akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na mwishowe anthropolojia Oxford. Alichokiandikia tasnifu Oxford kilikuwa fasihi simulizi ya Waacholi na Walango, yaani nyimbo na masimulizi ambayo watu wa kwao waliyajua bila kwenda shule. Walimu wake wa huko hawakuwa na mali hiyo. Mwanafunzi wa Kiswahili naye ana mali ya namna hiyo mkononi. Anapokaa kuandika maelezo binafsi, anaificha chini ya meza na kuonyesha viraka vya suruali.

Tusieleweke vibaya kuhusu umaskini. Ipo misaada inayotolewa kwa kuangalia hali ya nyumbani, na hapo ukimya ni hasara. Mpango wa Mastercard Foundation ulioanzishwa mwaka 2012, ambao Makerere iliingia mapema, unalenga vijana wenye vipaji ambao familia zao hazina uwezo. Katika fomu za aina hiyo umaskini unaulizwa. Lakini hata hapo huulizwa kama jambo la kupimwa: nani analipa karo, kwa kazi gani, watoto wangapi wako shuleni kwa wakati mmoja, ulikosa muhula upi na ulifanya nini katika muda huo. Mwanafunzi anayejibu kwamba "maisha ni magumu sana" amejibu kama mshairi mbaya. Anayeeleza kwamba mama yake huuza ndizi na kwamba yeye aliacha masomo muhula mmoja akapiga chapa kazi za wenzake ili alipe ada, amejibu swali. Na anayebeba maelezo hayo na kuyapeleka katika fomu ambayo haikuuliza hali ya nyumbani, amejaza nafasi ya bure.

Sasa tuje kwenye dhambi yetu wenyewe, maana mwanafunzi haandiki peke yake. Barua ya mapendekezo ni utanzu wa pili, na huo tunauandika sisi. Mwenzetu mmoja, hatutamtaja kwa kuwa sote tungestahili kutajwa, alikuwa na barua moja katika kompyuta aliyoitumia kwa kila mwanafunzi, akibadilisha jina tu. Barua ilisema mwanafunzi ana bidii, ana adabu njema na hushirikiana vizuri na wenzake. Siku moja aliituma kwa ajili ya binti, akasahau kwamba ya awali iliandikiwa kijana wa kiume. Kiswahili kingemwokoa, kwani yeye ni yeye tu; Kiingereza kikamuumbua aya nzima. Binti hakupata nafasi. Hatuwezi kusema aliikosa kwa sababu hiyo, ila hatuwezi pia kusema sivyo, na binti mwenyewe hakuwahi kuambiwa.

Barua inayosema "ana bidii na adabu" haisemi kitu, kwa sababu hakuna mwalimu aliyewahi kuandika kwamba mwanafunzi wake ni mvivu na hana adabu. Wanaoisoma wanajua hivyo. Kinachotakiwa ni mwalimu aseme amemjua mwanafunzi kwa muda gani, katika somo lipi, anasimama wapi kati ya wenzake, na kazi ipi aliyoifanya ambayo mwalimu anaikumbuka bila kufungua faili. Mwalimu asiyekumbuka kazi hata moja aseme wazi kwamba hawezi kuandika. Kukataa mapema ni heshima kuliko kukubali na kuandika upepo. Na ule mtindo wa kumwambia mwanafunzi "kaandike mwenyewe, ulete nitie sahihi" tuuite kwa jina lake: ni uongo, tena unamlazimisha kijana kuutunga. Tunajua tuna wanafunzi wengi na muda mchache. Lakini hoja hiyo haiwafikii wanaoisoma barua.

Utanzu wa tatu ni tangazo lenyewe, na hapa tutapita kwa haraka, isipokuwa jambo moja. Wanafunzi hulisoma tangazo kama shairi la mapenzi: wanaona neno "ufadhili" na macho yanajaa machozi. Hawasomi kinacholipwa. Ada ya masomo ni kitu kimoja, nauli ni kingine, malazi na chakula ni kingine, bima ya afya, viza na mtihani wa Kiingereza navyo ni vingine. Historia ya Afrika Mashariki ina somo kubwa juu ya hili. Mnamo Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege ya kukodi kwenda Marekani, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Vijana hao walikuwa tayari na nafasi vyuoni, na wengi walikwisha kuahidiwa misaada ya ada. Kilichokosekana kilikuwa nauli. Ndiyo iliyotafutwa kwa michango ya Wamarekani, wakiwemo Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, huku nyumbani jamaa na vijiji wakichanga fedha za matumizi. Kundi la mwaka uliofuata, ambalo Wangari Maathai alikuwemo, lilisaidiwa na wakfu wa familia ya Kennedy. Masomo yale yalilipwa vipandevipande, na kila kipande kilikuwa na mtu wake wa kukitafuta.

Leo vipande ni vilevile. Mwanafunzi wetu mmoja alipata nafasi katika chuo kikuu cha umma nchini Ujerumani, ambako vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Idara ilishangilia. Kumbe kabla ya viza alitakiwa aonyeshe fedha za kujikimu za mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa, ambayo mtu huchota humo kila mwezi kiasi kilichopangwa tu. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904. Nyumbani waliuza kiwanja, na bado hazikutosha. Kiwanja kimekwenda, nafasi imekwenda. Tangazo halikumdanganya; lilisema kweli kuhusu ada, na sisi tuliomshangilia hatukumuuliza habari ya mengine. Barua ya kukubaliwa chuoni si barua ya ufadhili, nasi walimu tunapaswa kuwa wa kwanza kulisema, kabla ya ngoma.

Na wapo wanaodanganya kweli. Anayedai alipwe "fedha za kushughulikia" ili akupe ufadhili, huyo hana ufadhili. Baadhi ya vyuo hutoza ada ya maombi, hilo ni halali, lakini huandikwa wazi katika maelezo ya chuo, na vingine humsamehe mwombaji anayeeleza kwa nini hawezi kulipa. Hata milango ya kweli hufungwa. Februari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha kwa muda malipo ya programu zake za mabadilishano, na Juni mwaka huohuo iliwawekea wananchi wa Burundi vizuizi vya viza, zikiwemo za wanafunzi. Kuandika maombi kwa nchi moja tu ni kuweka mayai yote chini ya kuku mmoja.

Tumesema kwamba neno udhamini limebeba dhamana. Tulirudie, maana hapa ndipo barua ya tafadhali inapovunjika kabisa. Aliyefadhiliwa na Chevening hutakiwa kurudi nchini kwake kwa muda usiopungua miaka 2. Wengi wanaokwenda Marekani kwa fedha za serikali, kwa viza ya J-1, hufungwa na sharti linalofanana na hilo kabla ya kuomba baadhi ya viza za kazi au ukaazi. Fomu za Jumuiya ya Madola, mpango ulioanza mwaka 1959, huuliza masomo yako yatachangia nini katika maendeleo ya kwenu. Huo ni mkataba, wenye pande mbili. Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha, ambao vijana wa Kenya na Tanzania wamekwenda nao Marekani kufundisha Kiswahili vyuoni kwa mwaka mmoja wa masomo, wakisoma kozi chache kando. Haukutoa shahada. Kijana alikwenda kwa sababu chuo kilihitaji mtu wa kusimama mbele ya wanafunzi na kuwafundisha ngeli. Kwa nini basi aandike kama anayeomba maji ya kunywa? Yeye ndiye aliyebeba mtungi.

Kwa upande wetu tumeamua mambo mawili. Katika somo la uandishi, muhula ujao, zoezi la barua rasmi litakuwa barua ya kueleza kazi ambayo mwanafunzi ameifanya, kwa Kiswahili, katika kurasa 2, na hatutatoa alama kwa "Wako mtiifu". Pili, walimu watatu wamekubali kusoma rasimu siku ya Jumatano mchana. Anayetaka kusomewa alete rasimu wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho, wala si siku tatu, na alete pamoja nayo tangazo lenyewe likiwa limepigiwa mstari mahali panapotaja kinacholipwa na kisicholipwa. Anayetaka barua ya mapendekezo alete kazi moja aliyotuandikia, yenye alama zetu pembeni, ili tukumbuke ni nani tunayemsemea.